Serikali Isiwe Tarishi wa Kampuni

Mwaka 2010 chama cha Free Software Foundation Europe kilizikabili ofisi za serikali za Ulaya ambazo tovuti zao zilimwagiza raia achukue programu ya Adobe ili asome hati za PDF. Sisi twasema kilitenda haki. Programu hiyo hutolewa bure, kweli. Lakini bure si huru, maana undani wake raia haruhusiwi kuukagua. Okular na Evince huzisoma hati hizo hizo, nazo undani wake u wazi kwa wote. Tena PDF ni kanuni ya kimataifa tangu 2008! Yawaje basi karani anayelipwa kwa kodi ya wafanyakazi awaelekeze wenye haja kwenye duka moja tu la miwani? Matangazo ya namna hiyo yaondolewe.