Nauli ya Kurudi Kwao (2): Marki 10,500 za Bonn

Wiki iliyopita tuliona jinsi Ufaransa ilivyotangaza, mwaka 1977, faranga 10,000 kwa mhamiaji atakayekubali kufungasha virago arudi kwao. Paris iliwalenga Waaljeria. Waliojitokeza kwa wingi ni Wareno na Wahispania, ambao kwao udikteta ulikuwa umeshaanguka na walikuwa wanataka kurudi hata hivyo. Miaka sita baadaye Ujerumani Magharibi ilijaribu dawa ileile.

Helmut Kohl alishika ukansela Oktoba 1982. Mwezi huohuo alimwambia Margaret Thatcher faraghani, mjini Bonn, kwamba anataka kupunguza idadi ya Waturuki kwa nusu katika miaka minne. Walikuwa takriban milioni moja na nusu. Siri hiyo ilikaa kwenye majalada ya Uingereza miaka 30. Hadharani lilitumika neno tamu zaidi: msaada wa kurejea.

Sheria yenyewe ni ya 28 Novemba 1983. Mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa kuwa kiwanda kimefungwa, au aliyepunguziwa saa za kazi kwa muda wa miezi sita, alipewa marki 10,500, na 1,500 kwa kila mtoto. Ilimpasa aondoke na familia yake yote, asirudi tena kuishi, na awe ameshavuka mpaka ifikapo mwisho wa Septemba 1984.

Waliotimiza masharti hayo hawakuwa wengi. Kilichowavuta watu hasa ni pensheni, na hapo panahitaji kwenda polepole. Kila mwezi mfanyakazi alikatwa mchango wake kwenye mshahara, na mwajiri akatia kiasi kilekile. Mturuki aliyeondoka Ujerumani aliweza kudai michango yake, ila baada ya kusubiri miaka miwili. Sheria mpya ilifuta kungoja huko. Mtu aliyechoma mapafu yake miaka kumi na mitano katika viwanda vya chuma vya Duisburg akajikuta anaweza kushika kitita mara moja. Kwa lugha ya mifuko yetu, fao la kujitoa.

Kitita hicho kilikuwa nusu. Alirudishiwa alichokatwa yeye, bila riba. Sehemu ya mwajiri ilibaki kwenye mfuko wa Wajerumani, na haki ya kulipwa pensheni uzeeni ikafutika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule ulioitwa msaada ilikuwa jasho la wanaosaidiwa wenyewe, tena limepunguzwa. Mimi naona jina hilo lilikuwa la kejeli.

Waturuki wapatao 250,000 waliondoka. Magari yalipakiwa mpaka juu ya paa, yakashuka kupitia Yugoslavia na Bulgaria hadi mpaka wa Kapıkule. Serikali ikajipigia makofi. Mwaka uliofuata idadi ya wanaoondoka ikaporomoka, maana wengi waliochukua fedha walikuwa wanapanga kurudi siku moja. Sheria iliwaharakisha tu. Ahadi ya nusu haikukaribia kutimia.

Na hiari ilikuwa ya nani? Baba alitia saini. Binti yake wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa Ujerumani na kusoma huko, hakuulizwa. Uturuki aliingizwa darasa ambalo lugha yake aliijua ya jikoni tu, na mitaani akaitwa *Almancı*, yaani wa Ujerumani, jina lisilo la sifa.

Wajerumani wenyewe walikuja kuliona hilo. Sheria ya wageni iliyoanza kutumika 1 Januari 1991 iliwaruhusu vijana waliokuwa wameishi huko angalau miaka minane, na kusoma miaka sita, kuomba kurudi kabla ya kutimiza miaka 21. Haki hiyo ilikuwa ya watoto, si ya wazazi waliochukua fedha.

Wiki ijayo: Hispania, 2008.