Anza na Funguo za Bweni

Kwa miaka mingi watoto wa darasa la nne katika jimbo la California, Marekani, walipewa kazi ileile ya nyumbani: kutengeneza mfano wa misheni ya Kihispania. Waligundisha vipande vya sukari, wakasimamisha mnara wa kengele, wakapewa maksi. Mwongozo wa ufundishaji wa historia uliopitishwa na jimbo mwaka 2016 unawashauri walimu waachane na kazi hiyo, kwa kuwa haiwafundishi watoto lolote kuhusu watu walioishi humo.

Ushauri huo ni wa haki, lakini majengo yenyewe yasiachwe. Tunachohitaji ni kuyasoma upya.

Kati ya 1769 na 1823 mapadri Wafransisko walianzisha misheni 21 California, ya kwanza San Diego chini ya Junípero Serra. Nyingi zilifuata ramani moja: ua wa mraba, kanisa pembeni, na kuuzunguka ua huo vyumba vya mapadri, karakana, jiko na ghala. Kuta nene zilikuwa za matofali ya udongo na majani makavu, yaliyoanikwa juani. Mapaa ya mwanzo yaliezekwa kwa matete. Baada ya moto kuteketeza baadhi yake, vikaja vigae. Waliofyatua matofali hayo ni wenyeji waliobatizwa, wakiwemo Wachumash na Wakumeyaay. Akishabatizwa, mtu hakuruhusiwa kuondoka bila kibali. Aliyetoroka alisakwa na askari na kuchapwa viboko.

Darasani, wape wanafunzi ramani ya jengo pamoja na ratiba ya siku, kisha waeleze kila kengele ikilia nani anakwenda wapi. Alfajiri ni ibada, halafu uji wa nafaka uitwao atole, halafu kazi: kulima, kufuma, kuchuna ngozi. Mchana kuna pozole, mchuzi mzito wa nafaka na maharage. Usiku wafike kwenye monjerío, bweni la wasichana na wanawake wasio na waume, lililofungwa kwa funguo hadi asubuhi. Waulize: funguo zinakaa kwa nani? Surua ikiingia humu, kama ilivyoingia misheni nyingi mwaka 1806, itaenea kwa kasi gani? Majibu wayalinganishe na vitabu vya mazishi vya mapadri, na maelezo ya baharia Mfaransa La Pérouse, aliyefika misheni ya Carmel mwaka 1786 na kuona inafanana na mashamba ya watumwa.

Mwanafunzi aliyepita njia hiyo hatashangaa akisoma kwamba Februari 1824, baada ya mwenzao kuchapwa katika misheni ya Santa Inés, Wachumash waliasi, wakaiteka misheni ya La Purísima na kuishikilia karibu mwezi mzima. Atauliza kwa nini walichelewa hivyo, na hapo somo la historia litakuwa limeanza.