Daraja Hulia Kabla ya Kuanguka: Jinsi Wahandisi Wanavyosikiliza Nyufa

Kila masika yanapofika, swali moja hurudi katika vikao vya umma mashinani, na mara nyingi huulizwa na wahudumu wa bodaboda na kina mama wa soko: mtajuaje kwamba daraja limechoka kabla halijatuangukia? Jibu la kawaida ni kwamba wahandisi hulikagua. Ni kweli, lakini mhandisi huona kilicho nje. Chuma kinacholiwa na kutu ndani ya zege, au uzi mmoja unaokatika katikati ya kamba nene ya daraja, hauonekani hata kwa tochi. Ipo mbinu nyingine ambayo husikiliza badala ya kutazama. Wataalamu huiita akustiki emisheni. Kwa lugha rahisi, ni kunasa milio ambayo chuma, zege au mbao hutoa zinapoanza kupasuka.

Tuseme mapema ili tusizue matumaini yasiyo na msingi: kwa sasa hakuna daraja wala jengo la kaunti yetu lililofungwa vifaa hivi, na makala haya hayatangazi zabuni yoyote. Tunaieleza kwa sababu kanuni yake inamfaa hata mpangaji wa nyumba ya ghorofa asiye na kifaa chochote.

Chukua ukuni mkavu, uukunje polepole juu ya goti. Kabla haujakatika utasikia milio midogo midogo ndani yake. Kila mlio ni nyuzi chache za mbao zinazoachana. Wachimba migodi wa zamani waliijua siri hii, na wengi walipendelea nguzo za mbao kuliko za chuma kushikilia paa la mgodi, kwa kuwa mbao hulalamika mapema na kumpa mtu nafasi ya kukimbia.

Chuma na zege nazo hulalamika, ila kwa sauti ambayo sikio la binadamu halifiki. Sisi husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Ufa mdogo unapoongezeka ndani ya chuma, nguvu iliyokuwa imebanwa hufunguka ghafla na kutoa wimbi lenye mitetemo mingi zaidi, mara nyingi kati ya 100,000 na 300,000 kwa sekunde. Wimbi hilo husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi juu. Huko hukutana na kihisi, kidude kidogo kilichobandikwa kwa gundi au sumaku. Ndani yake mna kipande cha kauri maalumu ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Umeme huo hukuzwa na kurekodiwa na kompyuta.

Kihisi kimoja hukuambia kuna ufa. Viwili hukuambia uko wapi. Tuseme vihisi viwili vimewekwa kwenye mhimili wa chuma, umbali wa mita 10 kati yao. Wimbi husafiri katika chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde. Likifika kwenye kihisi cha kwanza sehemu moja ya elfu ya sekunde kabla ya kufika cha pili, ina maana limetembea mita 5 zaidi kwenda cha pili. Basi ufa uko mita 2.5 kutoka kihisi cha kwanza na mita 7.5 kutoka cha pili. Hesabu ya darasa la nane, ilimradi saa iwe kali.

Na vifaa vyenyewe hujaribiwa vipi? Kwa penseli. Fundi huchukua penseli ya kubofya, yenye risasi ya nusu milimita, akaivunja ncha yake juu ya chuma karibu na kihisi. Mvunjiko huo mdogo hutoa wimbi linalofanana na la ufa. Kihisi kisipousikia, hakijabandikwa sawasawa. Katika teknolojia yote hii ya bei ghali, jambo hili la penseli ndilo limetufurahisha zaidi.

Msingi wa kisayansi uliwekwa na Mjerumani Josef Kaiser katika tasnifu yake ya mwaka 1950 mjini Munich. Aligundua jambo ambalo leo hubeba jina lake. Ukikibebesha chuma mzigo, kitatoa milio. Ukiuondoa mzigo na kuurudisha uleule, kitanyamaza, na hakitalia tena mpaka mzigo uupite ule wa kwanza. Ni kama kwamba nyenzo inakumbuka mzigo mkubwa zaidi iliyowahi kubeba.

Hapo ndipo penye uzito kwa daraja letu la kawaida. Daraja lililobeba malori ya kokoto kwa miaka kumi linapaswa kuwa kimya chini ya lori la uzito uleule. Likianza kutoa milio ya nyufa chini ya mzigo ambao limeuzoea, au hata chini ya mzigo mdogo zaidi, kuna kitu kimebadilika ndani yake: kutu imekula chuma, maji yamechimba msingi, au lori fulani lilipita likiwa limezidisha uzito na kuacha jeraha. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa, lenye ekseli saba, na kikomo hicho ni cha barabara kuu. Madaraja mengi madogo ya mashambani hayakujengwa kubeba hata nusu ya hizo.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Scotland. Daraja la Forth, karibu na Edinburgh, lilifunguliwa mwaka 1964. Linaning'inia kwenye kamba mbili kuu, na kila kamba imefungwa kwa nyaya 11,618 za chuma, kila mmoja wenye unene wa milimita 5 hivi. Mwaka 2004 wahandisi walizifungua kamba hizo kwa mara ya kwanza na kukuta kutu na nyaya zilizokatika. Nguvu ya kamba ilikadiriwa kuwa imepungua kwa asilimia 8 hadi 10. Swali likawa: nyaya zinaendelea kukatika kwa kasi gani? Huwezi kufungua kamba nzima kila mwezi ili kuhesabu. Mwaka 2006 wakafunga vihisi vya kusikiliza, na tangu hapo kila uzi ukikatika, mahali na saa hujulikana. Sambamba na hilo walianza kupuliza hewa kavu ndani ya kamba ili kutu isiendelee. Hawakungoja tu, kwani daraja jipya lilijengwa kando na kufunguliwa mwaka 2017, na lile la zamani likaachiwa mabasi, teksi, baiskeli na watembeao kwa miguu.

London nayo ilipata somo lake kwenye barabara ya juu ya Hammersmith, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na iliyokuwa ikipitisha takriban magari 90,000 kwa siku. Zege yake imekazwa kwa nyaya za chuma zilizovutwa ndani. Huko, wakati wa baridi, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na kwa miaka mingi maji ya chumvi yalipenya hadi kwenye nyaya hizo. Vihisi vilinasa milio ya nyaya kukatika. Desemba 2011, miezi michache kabla ya Michezo ya Olimpiki, barabara hiyo ilifungwa ghafla. Watu walilalamika, foleni zikawa ndefu. Lakini ilifungwa kabla ya kuanguka, ikaimarishwa, na ikafunguliwa tena kabla ya michezo. Hapa kwetu hatuna barafu, ila wakaazi wa Pwani wanajua upepo wa bahari unavyofanya nondo. Chumvi ni chumvi.

Mbinu hii ina mipaka yake. Haipimi urefu wa ufa. Ufa wa zamani uliotulia haulii, kwa hiyo kihisi hakitauona. Mvua ikinyesha, tairi likigonga kiungo cha daraja, bolti ikisuguana, zote hutoa kelele, na inahitajika mtaalamu wa kutenganisha kelele na ufa. Mabati ya nyumba yako yanayolia jioni jua likizama hayapasuki. Yanapoa na kujikunja tu. Zaidi ya yote, kifaa hakitengenezi kitu. Kaunti ikinunua vihisi bila bajeti ya ukarabati itakuwa imenunua saa ya kuhesabia siku za daraja. Kwa maoni yetu, shilingi ya kwanza iende kwenye kuzibua mifereji ya maji na kukagua misingi baada ya mafuriko, na vihisi vije pale ambapo kuna shaka maalumu isiyoweza kutatuliwa kwa macho.

Kuhusu majumba, Wakenya hawahitaji kukumbushwa sana. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Jengo linapokaribia kushindwa, milio yake hushuka hadi kiwango ambacho sikio linaisikia: mipasuko kama ya ukuni, plasta inayodondoka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, ufa wa mshazari unaopanuka kutoka asubuhi hadi jioni. Ukisikia mipasuko ya aina hiyo kwenye nguzo au dari, toka na familia yako mara moja, wagongee majirani milango, na usirudi kuchukua televisheni. Kisha piga 999 au 112.

Ikiwa hakuna hatari ya papo hapo, piga ripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi au idara ya ujenzi ya kaunti. Jengo linaloendelea kujengwa liripotiwe pia kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Madaraja ya barabara kuu yako chini ya mamlaka za barabara za serikali ya kitaifa, na yale ya barabara za kaunti yako chini yetu, lakini usijisumbue kutafuta mwenyewe ni nani. Ofisi ya wadi itaielekeza ripoti panapostahili. Taja jina la mto au mtaa, upande wa daraja au orofa, saa uliyosikia mlio, na kama kulikuwa na lori likipita wakati huo. Ukiweza, weka sarafu ya shilingi kumi kando ya ufa, piga picha, na upige nyingine siku inayofuata mahali palepale.