KIGOGO: UFISADI NA UWAJIBIKAJI WA VIONGOZI

Swali kuhusu ufisadi katika tamthilia ya Kigogo huonekana rahisi, na ndiyo maana huwaponza watahiniwa wengi. Mtahiniwa huorodhesha maovu ya Majoka mpaka ukurasa unajaa, kisha anashangaa kupata alama chache. Soma swali tena. Ukiulizwa ujadili ufisadi, maovu hayo yatakufaa. Ukiulizwa kwa nini viongozi hawawajibishwi, maovu pekee hayatoshi. Ni lazima uonyeshe nani alistahili kuwazuia, na kwa nini hakuwazuia.

Sheria ipo, utekelezaji ndio tatizo

Usidai kwamba Sagamoyo haina sheria. Sagamoyo ina polisi, jela, kodi na vibali. Tatizo ni kwamba vyombo hivi vyote humtumikia mtu mmoja. Tazama:

(i) Vibali. Mamapima anauza pombe haramu akiwa na kibali. Kibali kilichopaswa kuulinda umma kimegeuzwa kuwa kinga ya mvunja sheria.

(ii) Ardhi ya umma. Soko la Chapakazi linafungwa ili Majoka ajenge hoteli. Kenga, mshauri wake, anaahidiwa sehemu ya ardhi hiyo. Je, mshauri anayefaidi kutokana na uovu atathubutu kuukemea?

(iii) Jela. Ashua anafungiwa ili mumewe, Sudi, ashinikizwe kuchonga kinyago. Waliohusika na kifo cha Jabali wako huru.

(iv) Vyombo vya habari. Majoka anataka kuifunga runinga ya Mzalendo kwa sababu imepeperusha habari za maandamano. Anajua kwamba uovu usioonekana hauulizwi.

Kwa ufupi, Majoka ndiye mshukiwa, mpelelezi, kiongozi wa mashtaka na hakimu. Kesi ya ngedere haiwezi kuamuliwa na nyani.

Kulinganisha na hali halisi

Ukielewa jambo hilo, utaelewa pia kwa nini Katiba ya Kenya ya 2010 iliigawanya kazi hii. Sura ya Sita inahusu uongozi na uadilifu. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi huchunguza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huamua kama kuna ushahidi wa kumshtaki mtu. Mahakama huamua kama ana hatia. Hakuna mmoja kati yao anayepaswa kufanya kazi zote tatu.

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 ina makali pia. Afisa wa umma anayeshtakiwa husimamishwa kazi na kulipwa nusu ya mshahara hadi kesi iishe. Akipatikana na hatia, anaweza kufungwa hadi miaka 10, na hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa katika wadhifa wa umma kwa miaka 10. Mali asiyoweza kueleza alivyoipata inaweza kutwaliwa na serikali.

Hata hivyo, sheria kali kwenye karatasi haimkamati mtu. Anayemkamata ni binadamu, naye anaweza kuhongwa, kutishwa au kufutwa kazi. Hapo ndipo tamthilia inapotufunza zaidi.

Mhusika wa kumtazama: Kingi

Watahiniwa wengi humsahau Kingi, mkuu wa polisi, kwa kuwa nafasi yake ni ndogo. Lakini Majoka anapomwamuru awapige watu risasi, anakataa, na Majoka anamfuta kazi. Kwa mara ya kwanza, mtekelezaji wa sheria anachagua sheria badala ya bwana wake. Tunu na Sudi wamewaamsha wananchi kwa muda mrefu. Kingi anamnyima dikteta silaha yake ya mwisho. Umma unaodai haki na afisa anayekataa amri haramu wanahitajiana.

Jinsi ya kujibu

Jibu dhaifu: Majoka ni fisadi kwa sababu alifunga soko.

Jibu bora: Majoka hawajibishwi kwa sababu anaowategemea wamshauri wananufaika na ufisadi wake. Kwa mfano, anapofunga soko la Chapakazi, Kenga anaahidiwa sehemu ya ardhi, hivyo hampingi.

Jibu la pili lina hoja, maelezo na mfano. Kumbuka pia kwamba mifano yako itoke katika tamthilia. Katiba na habari za magazetini zikusaidie kuelewa, lakini zisichukue nafasi ya matini.

Zoezi

1. "Sagamoyo haihitaji sheria mpya bali watekelezaji wapya." Jadili kauli hii ukirejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)
2. Eleza umuhimu wa Kingi katika kujenga maudhui ya uwajibikaji. (alama 6)