UVIKO-19: Kinga Iliyochelewa

Mgonjwa wa UVIKO-19 anayezidiwa kwa kawaida hazidiwi siku ya kwanza. Huanza kama wengine, kwa homa, kikohozi, uchovu na pua isiyosikia harufu, kisha kama wiki moja baadaye, wenzake wakiwa wameshaanza kuulizia chakula, yeye ndiyo kwanza anaanza kuhema. La ajabu ni kwamba siku hizo virusi puani na kooni mwake huwa vinapungua, maana hufikia kilele karibu na siku dalili zinapoanza. Kama virusi ndivyo vingekuwa vinaua peke yake, hali ingeanza kuwa mbaya mapema, wakati vimejaa. Mwaka 2020, kila kona ilipohimiza tangawizi, malimau na vitunguu saumu ili "kuongeza kinga", ni wachache waliojiuliza kinga hiyo iongezwe siku gani. Hoja yangu ni kwamba katika ugonjwa huu wingi wa kinga hautuambii mengi mpaka tujue imefika lini.

Mwili hujilinda kwa awamu mbili. Ya kwanza huamka ndani ya saa chache: seli iliyovamiwa hugundua chembe za urithi zisizo zake, ikatoa protini ziitwazo interferoni. Protini hizo haziui virusi. Huzifikia seli za jirani na kuziamuru zifunge mitambo ambayo virusi vingeitumia kuzaliana, kama wanakijiji wanavyomwagia maji makuti ya nyumba zao waonapo paa la jirani linawaka. Awamu ya pili ni ya seli B, zinazotengeneza kingamwili, na seli T, ambazo baadhi yake huziua seli zilizokwisha kuambukizwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na kirusi hiki, awamu hiyo huchukua wiki moja au mbili kukomaa. Kirusi cha korona kina protini kadhaa zinazonyamazisha tahadhari ile ya kwanza, na kikifaulu huzaliana bila kelele mpaka kiwe kimeenea. Ushahidi kwamba hapa ndipo mambo huharibika ulichapishwa mwaka huohuo wa 2020 katika jarida la Science na kundi la watafiti wanaoshirikiana na Jean-Laurent Casanova. Kati ya wagonjwa mahututi 987 waliopimwa, 101 walikuwa na kingamwili zilizogeukia interferoni za miili yao wenyewe, na 95 kati ya hao 101 walikuwa wanaume. Miongoni mwa watu 663 walioambukizwa wasiumwe sana, hakupatikana hata mmoja.

Tahadhari ikikosekana mwanzoni, kinachofuata ni purukushani. Seli nyeupe za damu humiminika mapafuni zikiitwa na kemikali kama interleukini-6, kuta za vifuko vya hewa huvuja maji, damu huganda kwenye mishipa midogo, na oksijeni haina pa kupita. Ndiyo maana dawa iliyoleta nafuu kubwa ya kwanza haikuwa ya kuua virusi. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha, Juni 2020, kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotuliza kinga, zilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mtu anaweza kusema: basi tuitulize kinga tangu siku ya kwanza. Jaribio lilelile linamjibu. Kwa wagonjwa ambao hawakuwa wamehitaji oksijeni dawa haikusaidia. Waliopewa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa asilimia 14.0, tofauti isiyotosha kuthibitisha madhara lakini inayotosha kumzuia mtu asiimeze kwa hofu ya kikohozi tu.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Ikiwa kinga ndiyo inayochoma mapafu, mwenye kinga dhaifu si angesalimika? Afrika Kusini imetupa jibu. Takwimu za jimbo la Western Cape zilionyesha kuwa wanaoishi na VVU walikuwa katika hatari ya kufa kwa UVIKO-19 takriban mara mbili ya wengine. Na huko KwaZulu-Natal watafiti walimfuatilia mgonjwa ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa. Hakuugua sana korona. Purukushani ile haikumpata. Lakini virusi vilikaa mwilini mwake siku 216, vikibadilika umbo mara kwa mara, hadi alipobadilishiwa dawa za kufubaza VVU, kinga ikapata nguvu, navyo vikaondoka. Alisalimika na kinga inayochoma mapafu, ila alikosa ile inayofagia virusi, na aina mpya za virusi zingeweza kuzaliwa katika kifua kama hicho.

Basi kwa nini asipewe kila mgonjwa interferoni? Walipewa. Katika jaribio la Solidarity la Shirika la Afya Duniani, waliolazwa hospitalini hawakunufaika nayo. Lakini katika jaribio lililofanyika Brazil na Kanada, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023, sindano moja ya interferoni lamda iliyotolewa mapema kwa watu ambao hawajalazwa ilipunguza kwa karibu nusu idadi ya waliohitaji huduma ya hospitali. Ni interferoni za aina mbili tofauti, kwa hiyo ulinganisho huu si kamili, lakini unaelekea kulekule.

Tangawizi na nyungu hupunguza kukerwa na koo, na sina ugomvi nazo, ila hazifundishi seli T chochote. Chanjo hufundisha: huiwahisha awamu ya pili, ili kirusi kikiingia kikute wanaokijua. Wanaoibeza husema waliochanjwa nao waliambukizwa, na ni kweli, kwa sababu kingamwili hupungua damuni kadiri miezi inavyopita. Kumbukumbu ya seli T hudumu zaidi ya hapo: huko Singapore, waliopona SARS ya mwaka 2003, ugonjwa wa kirusi ndugu wa hiki, walikutwa bado nayo baada ya miaka 17. Aina mpya ya kirusi, Omicron, ilipotokea mwishoni mwa 2021 na kuzikwepa kingamwili nyingi, watafiti wa Cape Town walipima damu za waliochanjwa na waliowahi kuugua, wakakuta seli T zao bado zinakikabili kirusi hicho kipya kwa asilimia 70 hadi 80 ya nguvu zilizokuwa nazo dhidi ya kile cha mwanzo.