Papa akimkumbatia sheikh, ndugu Wakristo wanaponuniana nyumbani

Video huingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo saa tatu usiku, watu wakiwa wameshakula. Papa amevua viatu, anaingia msikitini, na pembeni yake anatembea sheikh mwenye kilemba. Juu ya picha kuna maandishi makubwa mekundu: dini moja ya dunia imefika.

Mara nyingi mtumaji ni shangazi aliyeokoka. Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya kigangoni, hujibu kwa hasira kwamba Baba Mtakatifu asitukanwe. Binti aliyeolewa na Mwislamu husoma yote, hajibu neno, kisha hujitoa kwenye grupu. Idd ikifika, anapika pilau kama kila mwaka, lakini safari hii nusu ya ndugu hawatokei.

Watu hutofautiana, lakini mkasa wa namna hii unafahamika katika familia nyingi za Kikristo nchini. Ajabu ni kwamba Waislamu wenyewe huwa hawamo kwenye ugomvi huo. Wanaogombana ni Wakristo, wakati mwingine waliozaliwa tumbo moja, kuhusu namna viongozi wa Kanisa Katoliki wanavyoishi na Waislamu.

Wapo wanaoona urafiki huo ni Injili inayotendwa. Wapo wanaoona ni kuuza imani kwa tabasamu. Katikati wapo wengi wasiojua Kanisa limesema nini hasa, kwa sababu walichopata ni kipande cha video na sauti ya mtu aliyekasirika.

Ugomvi ulioanza kabla ya WhatsApp

Oktoba 28, 1965, Papa Paulo VI alitangaza hati fupi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani iitwayo Nostra Aetate. Ndani yake Kanisa lilisema linawaheshimu Waislamu, likataja kwamba wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, na wanampa heshima Bikira Maria. Likawaomba waumini wa pande zote waache uhasama wa zamani na wafanye kazi pamoja kwa ajili ya haki na amani.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mtaguso huo. Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukadinali katika zama hizi, alikuwa miongoni mwa maaskofu walioshiriki.

Moto ulikolea miaka 21 baadaye. Oktoba 27, 1986, Papa Yohane Paulo II aliwaalika viongozi wa dini mbalimbali duniani katika mji wa Assisi, Italia, kuombea amani. Ofisi ya Vatikani iliyoshughulikia uhusiano na dini nyingine wakati huo ilikuwa chini ya Mwafrika mwingine, Kadinali Francis Arinze wa Nigeria. Maelezo ya Vatikani yalikuwa kwamba watu walikwenda kuwa pamoja ili kusali, si kusali sala moja. Kila dini ilipewa nafasi yake.

Maelezo hayo hayakuwatosha wote. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Dakar, Senegal, aliona kwamba tukio hilo limemshusha Kristo na kumweka kwenye safu moja na wengine. Mwaka 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila kibali cha Papa, na Vatikani ikatangaza kwamba ametengwa na Kanisa. Assisi haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa sababu alizozitaja.

Hata ndani ya Vatikani kulikuwa na wenye tahadhari. Kadinali Joseph Ratzinger, aliyesimamia mafundisho ya imani, hakwenda Assisi mwaka ule. Baadaye akiwa Papa Benedikto XVI, aliitisha mkutano wa Assisi wa mwaka 2011 na kuhakikisha hakuna sala ya pamoja ya dini zote. Ni Papa huyo huyo aliyeingia Msikiti wa Bluu mjini Istanbul, Uturuki, Novemba 2006.

Kwa hiyo mtu anayeguswa moyo na picha ya Papa msikitini si lazima awe mjinga wala mchochezi. Anauliza swali ambalo limeulizwa na maaskofu.

Sentensi moja ya Abu Dhabi

Februari 4, 2019, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walitia saini mjini Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu. Hati hiyo inalaani kuua kwa jina la Mungu na inatetea uhuru wa kila mtu kuamini.

Kilichozua mjadala ni sentensi moja inayosema kwamba uwepo wa dini nyingi, sawa na tofauti za rangi, jinsia na lugha, umetokana na mapenzi ya Mungu. Waliopinga waliuliza: kama Mungu mwenyewe ametaka dini ziwe nyingi, wamisionari walikuja kufanya nini? Askofu Athanasius Schneider wa Kazakhstan alikuwa miongoni mwa waliolisema hilo hadharani.

Aprili 3 mwaka huo huo, Papa Fransisko alilifafanua mbele ya mahujaji mjini Roma. Alisema Mungu ameruhusu hali hiyo. Kwa mwanafalsafa hiyo ni tofauti kubwa. Hata mzazi anaielewa. Kuna mambo baba anayataka kwa mtoto wake, na kuna mengine anayaacha yatokee kwa sababu hataki kumfunga mtoto kamba. Wapinzani wengine walitulia, wengine walisema ilitakiwa sentensi yenyewe irekebishwe.

Mwaka 2023 mjini Abu Dhabi kulifunguliwa eneo lenye msikiti, kanisa na sinagogi. Hapo ndipo uvumi wa "dini moja" ulipopata picha ya kuusindikiza. Lakini majengo hayo ni matatu, kila moja lina mlango wake na ibada yake. Kuwa majirani kwenye kiwanja kimoja si kuwa dini moja. Mtaa wowote wa Dar es Salaam wenye kanisa na msikiti vinavyotazamana unalijua hilo.

Hofu isiyofaa kuchekwa

Wanaotetea urafiki huo nao hukosea pale wanapowaita wenzao washamba. Hofu ya baadhi ya Wakristo ina makaburi nyuma yake.

Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar akielekea kuadhimisha Misa ya Jumapili. Aprili 2, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wengi wao wanafunzi, huku wakiwabagua Wakristo. Aliyempoteza ndugu kwa namna hiyo akimwona kiongozi wake wa dini akicheka na sheikh, anaweza kuhisi machozi yake yamesahaulika. Kumwambia "samehe tu" hakumtibu.

Na mambo ya jikoni yanaweza kuua. Februari 2013 huko Buseresere, Geita, mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja aliuawa. Kwa miaka mingi, kwenye harusi na misiba, kisu kimekuwa kikiachwa mkononi mwa Mwislamu ili wageni wote wale bila shaka. Wapo Wakristo wanaoliona hilo kama ukarimu, na wapo wanaoliona kama kunyenyekea dini ya wengine. Jambo lisipozungumzwa, siku moja linazungumzwa kwa mapanga.

Kilichotokea Bossemptélé

Ili kujua urafiki wa viongozi unasaidia nini, Jamhuri ya Afrika ya Kati inatoa jibu lisilo la nadharia.

Mwaka 2013 waasi wa Seleka, wengi wao Waislamu, waliipindua serikali na kuwatesa raia. Wanamgambo wa anti-balaka wakainuka kulipiza kisasi kwa Waislamu wasiokuwa na hatia, na dunia ikawaita wanamgambo wa Kikristo, jina ambalo viongozi wa makanisa nchini humo walilikataa.

Katika mji mdogo wa Bossemptélé kuna hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Mkurugenzi wake, Padri Bernard Kinvi, mzaliwa wa Togo, aliwatibu majeruhi wa pande zote mbili. Anti-balaka walipouvamia mji Januari 2014, alizunguka kuwatafuta Waislamu waliosalia, wakiwamo watoto na walemavu, akawaficha katika misheni hiyo. Walikuwa mamia. Waliomtishia kumuua hawakuwa Waislamu. Walikuwa watu waliotaka awatoe.

Mjini Bangui, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpokea nyumbani kwake Imamu Oumar Kobine Layama na familia yake, wakaishi hapo kwa miezi. Pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou wa makanisa ya kiinjili, walitembea mitaani wakiwaomba watu waache kuuana. Novemba 30, 2015, Papa Fransisko aliingia katika msikiti wa Koudoukou, kwenye mtaa wa PK5 ambao Waislamu walikuwa wamezingirwa ndani yake.

Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, ile ni video nyingine ya Papa msikitini. Kwa mama Mwislamu wa PK5 aliyekuwa haoni njia ya kufika sokoni, ilikuwa habari tofauti kabisa.

Ukarimu wa namna hiyo hauendi upande mmoja. Desemba 21, 2015, basi lilitekwa karibu na Mandera, Kenya, na abiria Waislamu wakakataa kujitenga na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi na akafariki dunia mwezi uliofuata.

Kanuni ziko pale pale

Hofu nyingine ya wazazi ni kwamba urafiki wa viongozi utawafanya watoto waone dini zote ni sawa, waoane ovyo na kuacha imani. Kanuni za Kanisa Katoliki zinasema vingine.

Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na asiyebatizwa, akiwamo Mwislamu, bado anahitaji ruhusa maalumu ya askofu. Anaahidi kulinda imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hapaswi kufichwa ahadi hiyo. Hakuna Papa aliyefuta sharti hilo kwa kuwa amekunywa chai na imamu.

Kwa familia, hili ndilo la kuzungumza na binti kabla ya mahari, si baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Watoto watasali wapi? Jina litakuwa la nani? Mmoja akifa, atazikwa kwa taratibu zipi? Wachumba wanaoogopa maswali haya kwa sababu ya mapenzi huyakuta yakiwasubiri wodi ya wazazi.

Familia ifanye nini

Kwanza, video isitumwe kabla ya kujua ilipigwa lini, wapi, na kiongozi huyo alikuwa anafanya nini. Swali moja kwa paroko au mchungaji huokoa wiki nzima ya manung'uniko.

Pili, kutembeleana kutofautishwe na kuabudu. Mlokole anayekataa kusimama kwenye dua lakini akaja kumpa mwenzake mkono wa Idd hajamkosea mtu, na asilazimishwe. Vivyo hivyo, Mkatoliki aliyealikwa kufuturu hajasilimu kwa sababu ya uji na tambi.

Tatu, aliyeumizwa asikilizwe hadi amalize. Na mwenye ndoa ya mseto asijadiliwe kwenye grupu kama kesi ya mahakama wakati yumo humo anasoma.

Nne, wakubwa wa familia wakumbuke kwamba watoto wanasikia. Neno linalotamkwa sebuleni kuhusu "hawa watu" kesho litakwenda shuleni, kwenye dawati wanalokalia pamoja na Asha na Juma.

Ugonjwa ndio hupima haya yote. Bibi akipatwa na kiharusi na kulala upande mmoja, anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani, usiku na mchana. Hakuna mtu mmoja anayeweza kazi hiyo peke yake. Hupangwa zamu.

Shangazi mlokole huchukua asubuhi, akisali kwa sauti ya chini. Baba mdogo huchukua mchana akitoka kazini. Na zamu ya usiku, ambayo kila mtu anaikwepa, mara nyingi huangukia kwa yule binti aliyejitoa kwenye grupu, ambaye mumewe humleta na kumsaidia kumnyanyua mgonjwa kabla ya kurudi nyumbani kuwahi daku.

Ikiwa hawajazungumza tangu Idd, bibi ndiye atakayelala upande mmoja hadi asubuhi.