Neno «Takata» na Mchezo wa Majitu ya Chuma
Into the Breach, mchezo wa kompyuta wa Subset Games, ulitoka mwaka 2018. Mchezaji huongoza majitu matatu ya chuma katika uwanja wa miraba 64, naye huonyeshwa shambulio la adui kabla halijatendeka. Hilo ndilo walilolisifu hasa wahakiki: ashindwaye hulaumu hesabu yake, wala si bahati. Mcheza bao wa Tunduma, mkoani Songwe, hataona ajabu, kwani kete zake 64 nazo hazitegemei bahati. Basi mhakiki aandikaye kwa Kiswahili hana haja ya kuazima kila istilahi. Zamu isiyoua yaweza kuitwa takata, kama zamu isiyokula kete katika bao. Hata hivyo neno hilo halitoshi: jitu humsukuma adui ampige mwenziwe, na bao halina tendo la namna hiyo.